Jinsi ya Kuikumbuka Timu Yako Bila Kuisingizia

Tafuta kinyozi kwanza. Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, ina makanisa mengi na vibanda vingi vya kuchajia simu, lakini pa kuikumbukia timu ni kwa kinyozi, Jumapili baada ya misa. Mtu aliyenyolewa nusu kichwa hawezi kuinuka akaondoka hadithi ikiwa ndefu. Atabaki, atasikiliza. Nawe uliye kwenye benchi ukingoja zamu utabaki pia, maana ukitoka zamu imekwenda. Mkifika wanane, wengine wamekuja kunyolewa na wengine wamefuata kivuli tu, jukwaa limejaa.

Hakikisha kwenye benchi hilo wapo watu watatu: mwenye kukumbuka, mwenye kubisha, na mtoto. Mwenye kukumbuka hatafutwi, hujileta. Mwenye kubisha ni wa lazima kama refa. Asipokuwepo, goli la kichwa litageuka tikitaka kabla chai haijaisha. Mtoto ndiye watu humsahau, naye ndiye wa maana kuliko wote. Amezaliwa hapahapa Dowa, kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe, mahali palipokuwa gereza la kisiasa enzi za Kamuzu Banda, pakafunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994, pakakusudiwa watu 10,000 hadi 12,000, na leo pana zaidi ya 50,000. Lubumbashi, mji wangu kule Kongo, kwake ni neno tu. Ukimwambia uwanja ulikuwa komini ya Kenya atadhani unasema Nairobi. Itakubidi umweleze komini ni nini, mji ulikaaje, watu walikwendaje uwanjani, na mtu anayeeleza husahau kujisifu.

Nauandika mwongozo huu kwa sababu tulipovuka mipaka hatukubeba jezi. Wengi hatukubeba hata picha. Tikiti za uwanjani zilibaki kwenye masanduku ambayo hatujui nani aliyafungua. Kumbukumbu ya timu ilivuka bila karatasi, hakuna askari wa mpakani aliyeiomba kibali, na hapa kambini ni mali ambayo mwenye nayo halipi kuionyesha. Basi naumia ninapoisikia imechakachuliwa. Naumia zaidi tunapomzika mzee aliyekuwa nayo, wala hakuna aliyemuuliza.

Anza na miguu. Usianze na matokeo, matokeo yataandikwa na wengine. Anza na njia uliyopita kwenda uwanjani. Mimi nilikulia Katuba, Lubumbashi, na siku ya mechi tulitoka nyumbani jua likiwa bado kichwani, yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, mbele, mimi nyuma yake nimeshika mkia wa shati lake kwa sababu mama aliagiza nisiuachie. Tulipita kwa mama aliyekaanga mikate, yale mandazi ya duara, tukanunua minne tukala miwili, miwili ikafungwa kwenye karatasi kwa ajili ya mapumziko. Haikuwahi kufika mapumziko. Uwanja wenyewe, huu ambao sasa unaitwa Kibassa Maliba, uliusikia kabla hujauona. Kelele zilikuja kama maji yanayochemka kwenye sufuria lililofunikwa. Ukianza hivyo, mzee wa Bujumbura aliye kando yako ataanza kutembea naye, kwenye mji wake, kuelekea uwanja wa Prince Louis Rwagasore, na hutahitaji kumwuliza swali lolote. Miguu ya mtu haisahau. Mzee mmoja hapa hakumbuki jina la mtaa aliokaa Uvira, lakini mwambie mpira tu, atakuonyesha kwa fimbo kwenye vumbi kona zote alizokata.

Kisha yapime majina. Jina la timu ni cheti cha kuzaliwa cha shabiki. Anayesema Mazembe na hajui kusema Englebert, huyo ni wa juzi. Mazembe, timu yangu, ilianzishwa mwaka 1939 na mapadre Wabenediktini wa Lubumbashi, wakaiita Saint-Georges, ikapita kwenye majina kadhaa hadi ikavaa la kampuni ya matairi, Englebert. Halafu ikaongezewa Tout Puissant, Yenye Nguvu Zote, ilipotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1966. Mzee akisema "Englebert" kwa sauti ya chini, mpe kiti, alikuwepo. Ndivyo ilivyo kwa Mtanzania anayeiita Simba kwa jina la Sunderland, lililokwisha mwaka 1971. Na majirani zetu Wamalawi wanaokuja kwenye soko la hapa, wale wenye mvi, utawasikia wakisema Bata Bullets na Limbe Leaf Wanderers, viatu na tumbaku, wakati vijana wao wanasema Nyasa Big Bullets na Mighty Wanderers. Matairi, viatu, tumbaku: wakoloni na makampuni waliandika majina yao kwenye vifua vya wachezaji wetu, na sisi tukayapenda majina hayo kama ya watoto wetu. Usilionee haya jina la zamani. Litamke, halafu mweleze mtoto limetoka wapi.

Sasa tahadhari kuhusu umbali wa mashuti. Shuti lolote huongezeka urefu linapovuka mpaka. Lililopigwa kutoka mita kumi na nane Lubumbashi, likifika Kasumbalesa ni mita ishirini na tano. Likikaa Lusaka mwezi mmoja, ni thelathini. Likipita Chipata na Mchinji likaingia Malawi, mpigaji alikuwa katikati ya uwanja. Ndugu zetu waliokuja kwa njia ya ziwa, Uvira hadi Kigoma, kisha Mbeya, Songwe na Karonga, mashuti yao yametembea zaidi, na nimesikia moja ambalo kwa hesabu yangu lilipigwa kutoka nje ya uwanja. Dawa ni ndogo. Mwulize msimulizi: wewe ulikaa wapi? Nyuma ya goli, au kwenye mti, au juu ya ukuta? Aliyekaa nyuma ya goli haoni umbali, anaona mpira unakuja. Aliyekaa kwenye mti anaona kila kitu kidogo. Mtu akishasema alikaa wapi, shuti hurudi lenyewe kwenye urefu wake.

Hilo la kukaa wapi nilifundishwa mimi mwenyewe, na ndiyo maana nalisisitiza. Mwaka 1980 Mazembe ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Africa Sports ya Abidjan, ikashinda mechi zote mbili. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Kwa miaka mingi nilisimulia magoli ya mechi ya Lubumbashi, la kwanza lilivyokuja, la pili lilivyokuja, mkono wa kipa ulivyonyooka. Siku moja, kwenye benchi hilihili, mzee wa Bujumbura akanitazama kwa upole, akaniuliza: "Papa, hilo la pili liliingia goli la upande gani? La upande wa jua, au la kivulini?" Nikafungua mdomo, sikuwa na jibu. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi katikati ya migongo ya watu wazima. Niliona makoti. Niliona kiatu cha mtu kilichokanyaga mkono wangu. Goli nililisikia, nikalijua kwa sababu yaya wangu alininyanyua juu, na nilipofika juu wachezaji walikuwa tayari wamelaliana. Mengine yote niliongezewa na radio na watu wa mtaani, nikayaweka ndani ya macho yangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo nina daftari lenye safu tatu. Ya kwanza: Niliona. Ya pili: Nilisikia. Ya tatu: Niliambiwa. Kila kumbukumbu ninayoiandika lazima ipate safu yake. Magoli yangu ya 1980 yamehamia safu ya pili, na kule kunyanyuliwa na yaya wangu kumebaki safu ya kwanza. Nikiyasoma leo naona sikupoteza kitu. Magoli wanayo watu 30,000. Kunyanyuliwa kule ni kwangu peke yangu, na yaya wangu hayupo tena duniani. Kama nisingeulizwa, ningekuwa bado nasimulia mkono wa kipa, na mkono wa ndugu yangu ningeuacha bila kuutaja.

Usifiche kilichoiaibisha timu, wala kilichoipunguzia sifa. Mashabiki wa Mazembe wa umri wa baba zangu hupenda kusema "tulichukua Afrika mara mbili mfululizo, 67 na 68", na ni kweli. Lakini sema yote. Mwaka 1967 fainali na Asante Kotoko ya Ghana iliisha sare nyumbani na ugenini, ikaamriwa mechi ya tatu, Kotoko hawakutokea. Kombe likaja hivyo. Mwaka 1968 likaja kwa miguu, Étoile Filante ya Togo wakafungwa uwanjani. Kisha 1969 fainali tena, tukafungwa na Ismaily ya Misri, na 1970 fainali ya nne mfululizo, tukafungwa na walewale Kotoko. Fainali nne kwa miaka minne! Kwa nini umfiche mtoto hizo mbili za mwisho? Anayeficha vipigo vya timu yake anaifanya ionekane kama haikupata shida, na timu isiyopata shida haimhusu mtu aliyelala Dzaleka miaka kumi na tano. Mtoto huyu anajua kungoja. Mwambie timu ya babu yake nayo ilingoja: baada ya 1968 haikuwa bingwa wa Afrika tena hadi 2009.

Na umsifu mtani. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, kwa hiyo alikuwa mtu wa Saint-Éloi Lupopo, njano na bluu, timu ya wafanyakazi wa reli, iliyozaliwa mwaka uleule wa 1939. Nyumba yetu ilikuwa na bukari moja, yaani ugali mmoja, na timu mbili. Siku Lupopo inafungwa baba alikula bila kusema, siku Mazembe inafungwa aliimba akinawa mikono. Alikufa akiamini kwamba Lupopo walicheza mpira safi zaidi na kwamba sisi tulikuwa na fedha tu. Kwenye daftari langu maneno yake yapo kama alivyoyasema. Kama humwachii mtani nafasi kwenye hadithi yako, basi unasimulia mazoezi.

Nifike Abidjan, maana ndiko benchi letu lilikokutana.

Siku ile ya swali la jua na kivuli, mzee wa Bujumbura alipoona nimenyamaza, hakucheka. Alisema: "Hao Africa Sports nawajua." Akatusimulia Vital'O, zambarau ya Bujumbura, ilivyofika fainali ya kombe hilohilo mwaka 1992. Mechi ya nyumbani sare, moja kwa moja. Kule Abidjan wakafungwa nne bila. Hakuna timu ya Burundi iliyofika fainali ya Afrika kabla yao. Alikuwepo Prince Louis siku ya sare, na hakuhitaji kufikiri alipotuambia goli la Vital'O liliingia upande gani. Mimi na yeye, watu wa nchi mbili, tulikuwa na adui mmoja wa kijani na nyekundu tusiyewahi kumwona tena, mimi nikiwa na furaha yake, yeye akiwa na kidonda chake. Tukacheka wote. Kinyozi akaacha kunyoa.

Ndipo kijana mmoja, sasa ni mtu mzima mwenye watoto, akasema kwamba na yeye Abidjan anawadai. Alikuwa mvulana wa Burundi aliyevuka kuingia mkoa wa Kigoma mwishoni mwa 1993, baada ya Rais Ndadaye kuuawa mwezi Oktoba. Mwezi uliofuata, Novemba, Simba ya Dar es Salaam ilicheza fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan. Walikuwa wametoka sare kule, bila bila, na Tanzania nzima ilijua kombe ni lao. Mechi ya pili ilichezwa Uwanja wa Taifa, Rais Mwinyi akiwa jukwaani, Stella wakashinda mbili bila. Mvulana yule aliisikia kwenye radio ya mwenyeji mmoja aliyewapa mahali pa kulala. Alisema hakujua Simba ni nani. Aliona watu wazima wa nyumba ile wakilia kwa sababu ya mpira, na kwa mwezi mzima yeye alikuwa ameona watu wakilia kwa sababu nyingine. "Nilishangaa," alisema, "kumbe kuna nchi ambako huu ndio msiba." Akawa Simba tangu siku hiyo.

Nililiandika neno lake kwenye safu ya kwanza, kwa ruhusa yake, na sijapata jingine zito kuliko hilo.

Kutoka hapo fuata kanuni hii kwa makini kuliko zote. Kila msimulizi ana mwaka ambapo hadithi yake inasimama. Kwa Warundi wengi ni 1993. Kwa Wanyarwanda ni 1994. Kwetu wa Kongo inategemea unatoka wapi: kuna waliosimama 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, na kuna wa Kivu waliosimama 1996. Utaona anasimulia vizuri, msimu kwa msimu, kipa, beki wa kulia, beki wa kushoto, halafu anafika mwaka fulani na mkono unashuka. Usiulize "halafu?" Usimsukume. Mmiminie chai. Akirudi, atarudi kwa hiari yake, mara nyingi miaka kadhaa mbele: mtu wa Rayon Sports ya Rwanda aliyenyamaza kwenye 1994 alirudi kwetu kwenye 1998, timu yake ilipotwaa kombe la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati kule Zanzibar. Miaka minne ile katikati ni yake.

Na usitumie timu kumchunguza mtu. Nimewahi kumsikia mtu akimuuliza mgeni anashabikia timu gani, kwa sauti ambayo haikuwa ya mpira. Alitaka kujua mgeni ni wa kabila gani, alitoka upande gani, baba yake alikuwa nani. Hayo ni maswali ya vizuizi vya barabarani, na sisi sote tunayajua. Benchi la kinyozi si kizuizi. Mtu wa aina hiyo anyolewe haraka aende zake.

Akina mama nao waulizwe. Tumezoea kukaa wanaume tukikumbushana nani alikuwa ndani ya uwanja, na wale waliokuwa mlangoni hatuwaoni. Mama mmoja anayeuza sombe hapa sokoni aliuza karanga nje ya uwanja wa Kadutu, Bukavu, siku timu ya Dawa ilipocheza na ya Muungano. Hajawahi kuingia ndani hata mara moja. Lakini alijua nani anashinda kwa namna watu walivyonunua: timu yao ikiongoza wanaume walitoka mapumziko wakanunua pakiti mbilimbili na hawakudai chenji, ikifungwa walinunua moja wakagawana. Alijua pia ni wachezaji gani walikuwa na njaa, kwa sababu walikopa kwake kabla ya mechi. Nilimwuliza kama walilipa. Akasema mabeki walilipa. Hakuna gazeti lililoandika jambo hilo, na mimi ningekufa bila kulijua kama nisingekwenda kununua sombe.

Kuhusu marehemu, uwe na uhakika. Ndaye Mulamba, mchezaji wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, alifunga magoli tisa kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1974 kule Misri, manne kati ya hayo kwenye fainali mbili na Zambia, ya sare mbili kwa mbili na ya marudio, mbili bila. Hakuna aliyemfikia hadi leo kwa magoli ya mashindano hayo katika mwaka mmoja. Baadaye akawa mkimbizi Afrika Kusini kama sisi tulivyo wakimbizi hapa. Mwaka 1998, mashindano yalipofanyika Burkina Faso, ilienea habari kwamba amekufa, na uwanja mzima ukasimama kimya kwa dakika moja kumwombolezea. Alikuwa hai, Cape Town. Aliishi miaka zaidi ya ishirini baada ya maombolezo yake mwenyewe, akafariki Januari 2019. Nikimfikiria, nafikiri Afrika ilikuwa na dakika moja ya kumpa alipodhaniwa amekufa, na haikuwa na dakika ya kumtafuta alipokuwa anaishi. Kwa hiyo ukisikia mchezaji wa timu yako ya zamani yuko Nkhotakota, au Chipata, au Uvira, au kwenye kambi nyingine, usisubiri msiba. Mpigie simu. Mwulize hali.

Na usimcheke Mwepu Ilunga. Dunia ilimcheka kwa miaka arobaini kwa kutoka kwake ukutani akaubutua mpira kabla Brazil haijapiga faulo, Gelsenkirchen, Juni 1974. Walisema Mwafrika hajui sheria. Alikuwa beki wa Mazembe na bingwa wa Afrika. Sheria aliijua, na mwenyewe alieleza kwamba alifanya kusudi. Zaire ilikuwa imetoka kufungwa tisa na Yugoslavia, fedha za wachezaji hazikuonekana, na nyumbani kulikuwa na Mobutu. Mtoto akikuonyesha video hiyo kwenye simu akicheka, usimkaripie. Isimamishe, mwambie kisa chote, halafu mrudishie aitazame tena.

Watoto hawa wana timu zao, Arsenal na Barcelona na Liverpool, na mzee anayewagombeza anapoteza muda wake. Wape walichokiona wenyewe. Desemba 2010 nilikuwa Dzaleka tayari, nimebanwa kwenye kibanda cha video pamoja na Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wamalawi, tukitazama Mazembe ikicheza Kombe la Dunia la Klabu Abu Dhabi. Waliwafunga Pachuca ya Meksiko moja bila, wakawafunga Internacional ya Brazil mbili bila, wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali hiyo. Kipa Kidiaba aliketi chini akarukaruka kwa makalio kuvuka eneo lake, na watoto wote wa kambi wakatoka nje kurukaruka vumbini hivyohivyo. Inter Milan wakatufunga tatu fainali. Watoto wale sasa wana watoto. Kile kibanda, na zile suruali zilizochanika, vinaingia safu yao ya kwanza, na wanayo haki ya kuanza kusimulia.

Wenyeji nao wakaribishwe benchini. Malawi ilitwaa Kombe la Chalenji mwaka 1978, ikarudia 1979, ikalitwaa tena 1988, na mzee wa Dowa akianza kukusimulia mchezaji wao Kinnah Phiri acha chai ipoe. Anajua tunachokijua. Zamani ilikuwa rahisi kupanda minibasi Jumamosi kwenda Lilongwe kuitazama Silver Strikers, au kuukodolea macho uwanja wa Bingu uliofunguliwa 2017, unaochukua watu zaidi ya 40,000. Tangu serikali ilipoagiza mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, wengi wetu Lilongwe tunaisikia kwenye radio. Silver walipokuwa mabingwa mwaka 2024, vijana wetu waliozaliwa hapa waliimba Kichewa usiku kucha. Hiyo ndiyo timu yao ya zamani ya kesho, na mechi zake nyingi watakuwa wameziweka safu ya pili.

Hapa kambini tuna Tamasha la Tumaini tangu 2014, lenye muziki na mashairi na michezo ya kuigiza, na wageni hutoka mbali kuja kulitazama. Naomba wanaoliandaa watupatie saa moja na benchi moja. Hatuhitaji vipaza sauti vingi. Tutawaweka mzee wa Englebert, mzee wa Vital'O, mama wa karanga wa Kadutu, na mtoto wa kuuliza maswali.

Hadi hapo, daftari langu lina mashimo. Sina kikosi kamili cha Lupopo cha mwaka wowote kabla ya 1980. Sina mtu hata mmoja aliyekuwa ndani ya uwanja wa Kadutu, nina wa mlangoni tu. Nina jina la utani la mwuza maji wa Prince Louis, jina lake halisi sina. Kama wewe ulikuwepo, au mama yako alikuwepo, njoo Jumapili baada ya misa, nyuma ya soko, kwa kinyozi. Useme ulikaa upande gani.